Mabano Hayalipiwi Ushuru



Kuna ugomvi mdogo unaoendelea katika nyumba zetu nyingi huku ughaibuni, na sisi tunaona umefika wakati wa kuusemea. Mtoto analeta kazi ya shule, mzazi anaketi naye mezani, na kwa hesabu moja yanapatikana majibu mawili. Mzazi anasema shule za huku hazifundishi kitu. Mtoto anasema moyoni kwamba elimu ya baba imepitwa na wakati. Wote wawili wanamwonea asiyehusika, kwani mkosaji mara nyingi ni yule aliyeiandika hesabu yenyewe.

Chukueni swali lililozagaa duniani mwaka 2019: 8÷2(2+2). Waliosoma shule ya msingi Tanzania wana MAGAZIJUTO yao: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Mabano yanatoa 4. 8 ikigawanywa kwa 2 ni 4. 4 mara 4 ni 16. Mtoto aliyesoma Marekani ana PEMDAS, ambamo herufi ya kuzidisha inaitangulia ya kugawanya. Akiifuata herufi kwa herufi, atasema 2 mara 4 ni 8, na 8 ikigawanywa kwa 8 ni 1. Waliosoma Kenya na Uingereza wana BODMAS, nayo hutanguliza kugawanya kama MAGAZIJUTO.

Sasa tuseme jambo ambalo watu wengi waliondoka shuleni bila kulishika. Herufi hizo ni za kukumbukia tu. Kuzidisha na kugawanya ni vya daraja moja, hufanywa kwa kufuatana kutoka kushoto kwenda kulia. Kujumlisha na kutoa ni hivyo hivyo. Anayebisha ajaribu 10−3+2. Akitanguliza kujumlisha kwa sababu J iko mbele ya T, atapata 5. Jibu ni 9.

"Basi kanuni ipo," atasema mtu, "jibu ni 16, tufunge mjadala." Hatufungi. Si wote wanaoitumia kanuni hiyo pale namba inapobandikwa kwenye mabano au herufi bila alama ya kuzidisha. Mwanafizikia akiandika 1/2π, kwa kawaida anakusudia 1 igawanywe kwa 2π nzima. Hata vikokotoo vya kampuni moja, Texas Instruments, vimetofautiana: TI-82 hutanguliza kuzidisha kwa aina hiyo, TI-83 haifanyi hivyo. Excel nayo, ukiiandikia =-3^2, inakupa 9, ilhali kitabu cha aljebra kitakupa −9. Mashine hizi hazijaharibika. Kila moja inafuata makubaliano iliyopewa na walioitengeneza.

Alama ya ÷ yenyewe haikuwahi kuwa na maana moja. Johann Rahn aliichapisha mwaka 1659 kwa maana ya kugawanya, lakini Denmark na Norway ilitumika kwa maana ya kutoa. Si ajabu kiwango cha kimataifa cha alama za hisabati, ISO 80000-2, kinashauri isitumike kugawanya.

Waswahili tulipaswa kulielewa jambo hili kabla ya wengine. Andika kwenye kadi ya harusi "saa 2" bila neno jingine. Bibi aliyetoka Tanga atajiandaa kwa saa mbili za usiku. Kijana aliyezaliwa huku atafika mchana, akute ukumbi umefungwa. Yupi mjinga hapo? Hakuna. Aliyeandika kadi ndiye aliyepaswa kuongeza neno moja.

Na si mchezo wa watoto tu. Tuseme chama kina matawi 3, kila tawi lina familia 15, na kusafirisha maiti ya mwenzetu kunahitaji dola 9,000. Mweka hazina akitaka kujua mchango wa kila familia, kisha akaandika 9,000÷3×15, kikokotoo kitamjibu 45,000. Hapo kosa linajitangaza lenyewe. Lakini katika unene wa nondo, au katika dozi ya dawa ya mtoto inayopimwa kwa kilo zake, jibu baya laweza kufanana na jibu zuri, na hakuna atakayelishtukia. Akiandika 9,000÷(3×15), kila familia inatoa dola 200, na hakuna haja ya kuulizana nani alisoma wapi.

Sisi wahandisi tumelelewa kuamini kwamba mchoro unaosomeka kwa namna mbili ni mchoro mbovu, hata kama aliyeuchora ana shahada tatu. Tunataka hesabu ipimwe kwa kipimo hicho hicho. Kitendawili hutegwa ili watu wakikose. Hesabu huandikwa ili watu waielewe. Wanaovichanganya viwili hivi, kisha wakawacheka wenzao kwa kukosa jibu, hawajaonyesha akili yoyote.

Kwa hiyo, wazazi wenzetu, mtoto akileta hesabu ya namna hiyo, msishindane naye. Mwambieni aandike sehemu kwa mstari mlalo, kiasi juu na asili chini, au aweke mabano. Mabano hayalipiwi ushuru katika nchi yoyote tunayoishi. Na anayekataa kuyaweka, asitulaumu tukimsoma vingine.