Kiatu cha Chale

BARAZANI BUKIMA
Na Mwanamajita

Juzi umeme ulikatika nikiwa kwa binti yangu, Musoma mjini. Mjukuu akanitolea kwenye simu "The Gold Rush" ya Charlie Chaplin, filamu iliyotimiza miaka 100 mwaka 2025. Sikuwa nimeiona tangu gari la sinema lilipofika Bukima, nami niko darasa la tatu.

Usiku ule shuka jeupe lilifungwa katikati ya miembe miwili, jenereta ikanguruma, watoto tukakaa mbele kwenye vumbi. Waliochelewa walikaa nyuma ya shuka. Nao waliona, ila kwao kila mtu alikuwa anatumia mkono wa kushoto.

Filamu yenyewe haina sauti. Maneno huja yameandikwa kwa Kiingereza, na pale uwanjani yalikuwa yanatoweka kabla hata mwalimu hajayamaliza. Baba yangu mdogo, aliyewahi kufanya kazi kwenye mgodi wa dhahabu wa Kiabakari, akajitwika kutusemea. Alisema kwa Kijita, kwa sauti ya mtu anayeita mtumbwi ulio mbali. Theluji ni pamba, akatuambia, na sisi watoto wa wakulima wa pamba tukawaza nani ataichuma yote ile. Lile pande la mtu, Big Jim, akalipa unyapara wa mgodi.

Neno chale tulikuwa nalo siku zote, la kumtania yeyote anayechekesha. Siku hiyo ndiyo tukamwona mwenyewe. Njaa imewabana yeye na nyapara kibandani. Chale anachemsha kiatu chake, anakidunga kuona kama kimeiva, anakimwagia mchuzi. Nyapara anaona kapunjwa, anabadilisha sahani. Chale hana neno. Anazungusha kamba za kiatu kwenye uma, anazila, kisha anafyonza misumari mmoja mmoja kama mtu anayefyonza mifupa ya sato. Tulicheka mpaka tukagaagaa. Na katika umati wote ule wenye viatu walihesabika: mwalimu, karani wa pamba na dereva wa gari la sinema.

Ukubwani ndipo nikajua kwamba kiatu kile kilitengenezwa kwa pipi ya urukususu, na kwamba kabla ya kuitunga filamu Chaplin alikuwa amesoma habari za wahamiaji wa Marekani waliokwama kwenye theluji mwaka 1846, wakala ngozi, na mwisho wakala maiti za wenzao. Kichekesho kile kilitoka huko. Baba mdogo hakuwa amesoma habari hizo, lakini nakumbuka alipofika kwenye kiatu alishusha sauti, na hakucheka.

Mwaka 1942 Chaplin aliitoa tena filamu hiyo, safari hii akiisimulia kwa sauti yake mwenyewe. Nimeisikiliza. Anasema vizuri, lakini anaeleza kitu ambacho macho yameshamaliza, tena hakuna nyapara ndani yake. Kwangu mimi aliharibu.

Mjukuu alitazama dakika tano, akaitikisa simu.

"Babu, sauti imekufa?"

"Subiri," nikamwambia. Chale alipokidunga kiatu kuona kama kimeiva, nikaanza kusema.

Baadaye akaniuliza mgodi ule uko wapi. Nikamjibu: Kiabakari.