Nani ataiwasha baada yako?



Miaka michache iliyopita niliombwa kushika parokia moja nchini Uingereza kwa mwezi mmoja, paroko wake akiwa likizo. Jumapili ya pili, baada ya Misa ya asubuhi, mzee mmoja mgane alinikaribisha chai nyumbani kwake. Tulipomaliza, badala ya kunionyesha picha za wajukuu kama nilivyotarajia, alinipeleka kwenye banda la gari. Gari halikuwamo. Kulikuwa na rafu kutoka sakafuni hadi darini, na juu yake kompyuta za zamani, kila moja imefunikwa kitambaa kama kalisi kabla ya Misa.

Alinitajia moja moja kwa majina. ZX Spectrum na Commodore 64, zote za mwaka 1982. BBC Micro ya 1981, iliyofundishia watoto katika shule nyingi za nchi ile. Akawasha mojawapo. Programu yake ilikuwa kwenye kaseti, kama zile tulizorekodia nyimbo za kwaya, na wakati ikisomwa ilitoa mlio wa kukwaruza masikio kwa karibu dakika tano. Mimi nilianza kutazama saa. Yeye alikuwa akitabasamu kama mtoto siku ya Komunyo ya Kwanza.

Kisha akazima, akakaa kwenye kigoda, akaniuliza: nikifa, Padre, nani atavichukua hivi?

Watoto wake wako mbali. Binti yake alikuwa amemshauri, kwa upole, aite gari la taka. Alikuwa na kikundi cha wenzake waliokutana mara moja kwa mwezi katika ukumbi wa kanisa kutengeneza mashine za namna hiyo na kunywa chai. Zamani ukumbi ulijaa; sasa walibaki kumi na wawili, na "kijana" wao alikuwa na umri wangu mimi. Kazi mojawapo ya kikundi siku hizi ni kwenda kwa wajane wa wenzao, baada ya mazishi, kuokoa mashine kabla hazijatupwa.

Nilimjibu kipadri. Nikamkumbusha hazina ya mbinguni, ambako nondo na kutu haviharibu. Alitikisa kichwa kwa heshima, akanisindikiza hadi getini. Njiani nilijua kwamba jibu langu lilikuwa sahihi na kwamba halikumsaidia.

Najua wapo watakaosema hayo ni mambo ya wazee wa Ulaya wasio na shida nyingine. Nami nilifikiri hivyo, mpaka nilipoanza kusoma jinsi vitu hivi vinavyokufa. Kompyuta ya zamani haikai tu kama jembe lililotundikwa ukutani. Kapasita zake huvuja. Tepu za sumaku hupoteza walichoandikiwa. Baadhi ya mashine zilitoka kiwandani na betri ndogo iliyolehemewa ndani ili saa yake isisimame hata umeme ukizimwa; baada ya miaka betri hiyo hutoa majimaji makali yanayokula njia za shaba. Kitu kilichowekwa kutunza saa ndicho kinachoiua mashine. Mwenye ujuzi huikata mapema, asiye nao huikuta imeshamaliza kazi yake. Na ujuzi huo, wa kujua wapi pa kukata na wapi pa kulehemu, haumo ndani ya sanduku. Umo katika vidole vya mzee.

Huko huko Uingereza kuna kisa kimoja ambacho sijaacha kukifikiria. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mhandisi wa Posta aitwaye Tommy Flowers alibuni mashine iliyoitwa Colossus, ya kusaidia kufumbua ujumbe wa siri wa makamanda wakuu wa Ujerumani. Ilianza kazi Bletchley Park mwaka 1944, ikiwa na valvu zipatazo 1,600, yaani zile taa za kioo zilizokuwamo ndani ya redio za babu zetu. Vita vilipokwisha zilikuwapo kumi. Nyingi zilivunjwa, na kwa sababu ya usiri ikaamriwa michoro yake iteketezwe. Flowers aliitia mwenyewe motoni. Kwa miaka mingi hakuruhusiwa hata kusema aliwahi kufanya nini.

Mwaka 1993 mhandisi mwingine, Tony Sale, aliamua kuijenga upya. Alikuwa na picha nane zilizopigwa mwaka 1945, na vipande vya michoro ambavyo baadhi ya mafundi walivificha majumbani mwao kinyume cha amri. Hazina yake kubwa zaidi ilikuwa wazee: wahandisi wa wakati ule waliokuwa bado hai, ambao angeweza kuwauliza waya huu ulikwenda wapi. Tarehe 6 Juni 1996 mashine iliwashwa, naye Flowers alikuwapo, mzee wa miaka 90. Angengoja miaka mitatu zaidi asingempata, maana Flowers alifariki mwaka 1998.

Kazi yote ilikamilika mwaka 2007. Sale mwenyewe alifariki mwaka 2011. Na mashine? Inawaka mpaka leo katika Makumbusho ya Taifa ya Kompyuta pale Bletchley Park, ikihudumiwa na watu wa kujitolea. Sale hakuijenga peke yake. Alikuwa na kikundi pembeni yake, na waliobaki walikuwa wameshachafua mikono yao.

Sasa mtazame mwingine. Paul Allen, aliyeanzisha Microsoft pamoja na Bill Gates mwaka 1975, alikuwa mmoja wa watu matajiri duniani na alizipenda kompyuta za ujana wake kwa mapenzi ya kweli. Alianzisha makumbusho mjini Seattle, Marekani, yaliyofunguliwa kwa watu wote mwaka 2012. Hapo mgeni hakukatazwa kugusa. Mashine kubwa za miaka ya sitini na sabini zilifufuliwa na mafundi hodari, zikawashwa, watoto wakazitumia. Allen alifariki Oktoba 2018. Ulipokuja ugonjwa wa korona mwaka 2020 milango ilifungwa, na haikufunguliwa tena. Mwaka 2024 wasimamizi wa mirathi walitangaza kwamba makumbusho hayatarudi, na vitu vingi vikapelekwa mnadani kwa Christie's. Mapato yaliahidiwa kwenda kwenye kazi za hisani, kama marehemu alivyotaka, na hilo si jambo la kulaumu hata kidogo. Lakini mashine zilizokaa pamoja na mafundi wake zilitawanyika, na makumbusho yenyewe hayapo.

Simwiti Allen tajiri mpumbavu wa Injili ya Luka. Alitoa vingi. Nashangaa tu kwamba mtu mwenye mabilioni hakuacha nyumba iliyodumu, na mhandisi mwenye picha nane aliacha mashine inayowaka.

Mhubiri alilijua tatizo hili kabla yetu. Katika sura ya pili analalamika kwamba atamwachia jasho lake mtu atakayekuja nyuma, na nani ajuaye kama atakuwa mwenye hekima au mpumbavu. Wengi hufanya haraka kumrekebisha Mhubiri kwa mistari mitamu zaidi. Mimi naona tumwache aseme, kwa sababu ndicho alichokuwa anasema yule mzee juu ya kigoda. Huwezi kumchagua mrithi hadi ndani ya moyo wake. Unaweza kumpa, huwezi kumlazimisha apende.

Hata hivyo yapo yaliyo ndani ya uwezo wetu. Fungua Kitabu cha Kwanza cha Mambo ya Nyakati, sura ya 28. Daudi amekatazwa na Mungu kujenga Hekalu. Angeweza kununa. Badala yake anamwita Solomoni, na mbele ya watu anamkabidhi ramani: ukumbi, vyumba vya ndani, ghala, uzito wa dhahabu ya kila taa, yote kwa maandishi. Kisha anamwonyesha mafundi watakaosimama naye, kila mmoja na kazi yake. Daudi alikusanya dhahabu nyingi, ndiyo, lakini dhahabu bila ramani na mafundi ingebaki rundo. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Naye Musa, alipoambiwa kwamba safari yake inaishia mlimani, jambo la kwanza aliloomba ni mtu wa kuongoza watu baada yake. Na Mungu akamwagiza amwekee Yoshua mikono na kumpa sehemu ya mamlaka yake pale pale, Musa akiwa bado hai (Hesabu 27). Alipewa sehemu ili aanze kujifunza, na mwalimu yupo.

Hapa ndipo ninapolazimika kuungama. Nikiwa padri kijana nilitumwa misioni moja milimani, iliyopata maji kwa pampu inayosukumwa na nguvu ya maji yenyewe, bila mafuta wala umeme. Aliifunga bruda mmoja mmisionari, naye ndiye aliyeitunza. Kila jioni aliteremka bondeni, akainama, akaisikiliza inavyopiga, kama daktari na moyo wa mgonjwa, kisha akakaza au kulegeza kitu fulani. Miaka mitatu nilikaa naye nyumba moja. Nilikula naye ugali, nilimcheka Kiswahili chake, wala sikushuka naye bondeni hata siku moja.

Alipofariki, mimi ndiye niliyesimamia kusafisha chumba chake. Kulikuwa na madaftari ya lugha yake ambayo hakuna aliyeisoma, yamejaa michoro na tarakimu. Niliamuru yachomwe pamoja na magazeti ya zamani. Hakuna aliyeniagiza, na sikuwa na siri ya vita ya kuficha. Nilitaka tu chumba kiwe safi. Miezi saba baadaye pampu ilinyamaza. Mafundi wawili waliitwa, wakaitazama, wakaondoka. Akina mama walirudi kuteka maji mtoni na kupanda nayo kilima kwa muda wa karibu mwaka, wakinisalimia njiani kwa adabu ileile.

Kwa hiyo kila ninaposikia habari za wazee wale wa kompyuta, siwacheki tena. Wanafanya ambalo sikulifanya. Nimesikia kwamba baadhi yao sasa wanabandika karatasi kwenye kila mashine: inaitwaje, inaumwa nini, apelekewe nani. Wengine wanarekodi video wakiwa wanalehemu. Wenye busara zaidi wanamwita kijana na kumwachia aifungue mwenyewe, hata akiharibu. Hilo la mwisho ndilo gumu. Mpenzi wa mashine hupenda itazamwe na isiguswe, sawasawa na mwalimu wa kwaya asiyemwachia mtu kinanda hata siku ya mazoezi, au mweka hazina wa jumuiya anayelala na funguo chini ya mto. Wanaamini wanalinda.

Yule mzee niliwahi kumwandikia barua, mwaka mmoja baada ya safari ile, kumweleza habari za pampu na kumwomba radhi kwa jibu langu. Alinijibu kwa mkono. Amepata mwanafunzi, binti wa miaka kumi na minne wa jirani, ambaye kwanza alikuja kumsaidia kupanga maboksi. Tayari ameshaunguza kompyuta moja. Mzee aliandika kwamba ilikuwa ile aliyoipenda kuliko zote, na kwamba Jumamosi inayofuata wataanza kutafuta vipuri.

Kwangu, pampu ile ilikwisha kubadilishwa na ya umeme. Lakini parokia ninayohudumu sasa ina katekista wa miaka 78 ambaye ndiye pekee anayejua mipaka ya kiwanja cha makaburi, nani amelala wapi, tangu kabla rejista haijaanza kuandikwa vizuri. Kesho saa tatu asubuhi, akipenda Mungu, tutazunguka naye, vijana watatu wa VIWAWA na mimi. Nimewaambia waje na madaftari, na viatu vya matope.