Ghafla Bin Vuu

Kama uliketi darasani Kenya wakati wowote kati ya 1985, mtihani wa KCPE ulipoanza, na 2023, ulipofanywa mara ya mwisho, siku ya insha zetu unaijua. Jua lilichomoza, ndege wakatumbuiza, mbingu ikawa samawati. Ulidamka, ukapiga mswaki, ukastaftahi kwa mkate uliopakwa siagi ambayo kwenu haikuwapo. Ukashika njia. Kisha, ghafla bin vuu! Ajali, au wezi, au chatu. Ukapewa 38 kwa 40, na insha yako ikasomwa mbele ya darasa.

Sina ugomvi na mwalimu. Alitufundisha kupita mtihani, tukapita. Ugomvi wangu ni na imani tuliyotoka nayo pale, ambayo watu wazima wenye miswada ya kurasa 300 bado wameikumbatia: kwamba utamu wa hadithi ni mapambo ya lugha. Mtu akiambiwa hadithi yake ni dhaifu, anaongeza methali, kama mpishi ambaye nyama yake haijaiva naye anazidisha bizari.

Nasema hivi kwa kuwa nimekula bizari hiyo. Juzi nilifungua hadithi yangu ya zamani, ya mama aliye kituoni akingoja matatu ampeleke mtoto hospitali. Kurasa 9. Methali nilizihesabu: 14. Mama analia machozi njia mbili mbili ukurasa wa 2, wa 4 na wa 9. Moyo unamdunda kama ngoma, mate yanamkauka kinywani. Nikatafuta mtoto anaumwa nini, sikuona. Nikatafuta mama ana shilingi ngapi kwenye leso, sikuona. Nilikuwa nimempamba bila kumjua. Makanga naye, kijana wa Nairobi, anamwambia: “Tafadhali mama, ingia upesi kwani tumechelewa.” Makanga wa wapi huyo? Anayejulikana na sisi sote angesema, “Mathe, ingia, ni mbao,” na mkono wake ungekuwa tayari umeshamsukuma mgongoni.

Sentensi inayotutia aibu tunaifuta wenyewe bila kuambiwa. Inayotuponza ni ile tuliyoisoma mara mbili tukajipigia makofi. Nikipitia kazi yangu siku hizi, naanzia hapo.

Nitaambiwa nimeukana utamaduni, kwamba fasihi yetu imezaliwa barazani na methali ndiyo damu yake. Sawa. Lakini barazani methali ina mwenyewe. Huisema mzee fulani, kumwambia mtu fulani, akiwa na lake: anataka kumnyamazisha mkwe, au anakwepa deni. Katika miswada yetu methali haina mwenyewe, msimulizi anaibandika tu pale alipoishiwa. Mpe mhusika aiseme, uone anataka nini kwa kuisema. Kama hataki chochote, ifute.

Nitatajiwa pia Siku Njema ya Ken Walibora, ya 1996. Ni kweli, msamiati wake ni mnono, na wanafunzi wengi wameunakili kwenye madaftari. Ila kinachotushika mle ni kijana Kongowea, anayetoka Tanga kwenda Kenya kumtafuta baba. Punguza msamiati nusu, safari ile bado itakuvuta. Iondoe safari, utabaki na kamusi. Na Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya 1971, imeandikwa kwa Kiswahili chepesi kabisa. Sijamsikia msomaji aliyeifunga kwa kukosa misemo.

Kuna na ugonjwa wa -ka-, ambao hausemwi sana kwa sababu ni sarufi sahihi. Akaamka, akavaa, akatoka, akapanda gari, akafika, akamzika babake, akarudi. Matendo yote yamepewa uzito mmoja, mswaki na kaburi sawasawa. Dawa yake ni kuamua ni tendo gani lililokufanya uandike, ukae nalo. Mengine yapite haraka au yasiwepo.

Na nani atakwambia umekosea wapi? Si mwandishi mwenzako, atasifu mapambo ili nawe uyasifu yake. Mimi humsomea shangazi, fundi cherehani, ambaye fasihi haimhusu ndewe wala sikio. Nasoma kwa sauti naye anasikiliza kwa adabu. Akishika mkasi wake tena, naweka alama pembeni.

Hadithi ya mama nilimsomea. Mkasi ulishikwa kabla ukurasa wa kwanza haujaisha. Nimeiandika upya, sasa ni kurasa 4, na pale palipokuwa na machozi ya njia mbili mbili pamebaki sentensi moja: Mama alifungua fundo la leso, akahesabu nauli, akalifunga, akalifungua tena. Mwalimu wangu asingeipa hata 12 kwa 40. Shangazi aliuliza, “Zilitosha?”