Ukimya wa Wenye Jenereta

Nakiri kosa kabla sijalaumu: nami ninayo jenereta. Umeme unapokatika mtaani kwetu, hapa Mwanza, navuta kamba, injini inaunguruma, nami narudi kusahihisha mitihani kana kwamba hakuna lililotokea. Jirani yangu, mama muuza barafu, anabaki na friji inayoyeyuka, na moshi wangu dirishani.

Mashine ile imenipa ruhusa ya kutojali. Sisi tunaoweza kuandika barua na kumhoji mbunge tumeuza sauti zetu kwa lita chache za petroli. Gizani wanabaki fundi cherehani wa Mabatini, kinyozi wa Igoma na mchuuzi wa samaki wa Mwaloni Kirumba, ambao malalamiko yao hayavuki kizingiti cha ofisi.

Tuliambiwa tusubiri bwawa. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha umeme Februari 2024. Ni kazi kubwa, siibezi. Lakini umeme wa Rufiji haufiki Ilemela kwa miujiza. Unataka njia za kusafirishia, transfoma na nguzo zisizooza. Kisingizio cha ukame kimeisha nguvu; deni la usambazaji lipo palepale.

Isitoshe, suluhisho letu la kibinafsi linaua. Wapo wanaochomeka jenereta katika soketi ya ukutani kwa waya wenye plagi pande zote mbili, bila swichi ya kubadilishia. Umeme huo hutoka nje hadi kwenye transfoma, nayo huupandisha kufikia maelfu ya volti. Fundi aliye juu ya nguzo, akiamini laini imezimwa, ndiye anayelipa. Wengine huiwasha mashine ndani kwa kuhofia wezi. Hewa ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na haibishi hodi.

Basi napendekeza jambo litakalowaudhi wasomaji wangu watumishi wa umma. Umeme ukikatika, jenereta za ofisi za serikali nazo zizimwe, isipokuwa za hospitali, mitambo ya maji na zimamoto. Mtasema kazi zitasimama. Ya kinyozi je, si kazi? Mafuta yenu hulipiwa kwa kodi yake.

Yangu itakaa stoo kuanzia Jumatatu. Barua ya mtaa wetu kuhusu transfoma iko mezani ikisubiri saini; mama wa barafu ameshatia yake.