Mpaka Usigeuzwe Mlango wa Kupotezea Watu



Sisi wa Adungosi, baina ya Busia na Malaba, twaujua mpaka kuliko wanaousoma katika ramani. Mwaka 1902 Waingereza waliimega mashariki ya Uganda na kuitia katika himaya yao ya Afrika Mashariki, na Wateso wa ukoo mmoja wakajikuta chini ya serikali mbili. Mstari huo haujatuzuia kuoana wala kuzikana. Waganda waliomkimbia Idi Amin katika miaka ya 1970 walipitia hapa. Mwanzoni mwa 2008, ghasia za uchaguzi zilipotuwakia sisi, maelfu ya Wakenya walivuka mpaka huu huu wakapokewa Mulanda, Tororo. Kwa hiyo hifadhi kwetu si fadhila, bali ni deni tunalodaiana.

Deni hilo limekanyagwa. Mwezi Julai 2024, wafuasi 36 wa chama cha upinzani cha Uganda, FDC, walikamatwa Kisumu, wakapelekwa Uganda na kushtakiwa kwa ugaidi. Mwezi Oktoba, wakimbizi wanne wa Kituruki walitwaliwa Nairobi, na serikali yetu ikakiri kwamba walirudishwa kwa dola waliyoikimbia. Tarehe 16 Novemba, Dkt. Kizza Besigye alitekwa nyara Nairobi; siku nne baadaye alisimamishwa mbele ya mahakama ya kijeshi huko Makindye. Mwaka 2025 zamu ikawa yetu. Bob Njagi na Nicholas Oyoo, wanaharakati wa Kenya, walikamatwa Uganda tarehe 1 Oktoba, wakazuiliwa kwa siri zaidi ya mwezi mzima, kisha wakarejeshwa nyumbani kupitia Busia.

Wako watakaosema kwamba huenda watu hao walivunja sheria. Kama ndivyo, sheria ina njia yake. Kenya inayo Sheria ya Kurejesha Watuhumiwa, Sura 76, inayohusu nchi jirani, nayo hupitia kwa hakimu. Kifungu cha 49 cha Katiba chaamuru kwamba aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 wakataza kumrudisha mkimbizi kwenye hatari ya maisha au uhuru wake. Mwenye hoja ya haki haogopi hakimu. Anayemkwepa hakimu usiku, ndani ya gari lisilo na nambari, ndiye mvunja sheria, hata akivaa sare.

Dhuluma ya namna hii haikuanzia kwetu. Mwezi Machi 1959 Dalai Lama aliikimbia Tibet, akavuka mpaka, na India ikampa hifadhi. Makumi ya maelfu ya Watibeti wakamfuata. Tarehe 30 Septemba 2006, walinzi wa mpaka wa China waliwafyatulia risasi Watibeti waliokuwa wakivuka mlima kwenda Nepal, na mtawa msichana wa miaka 17 akafa katika theluji. Tunajifunza nini? Kwamba utawala wa mabavu hauridhiki kuwanyamazisha watu nyumbani. Huwafuata hadi mpakani, kisha humtaka jirani aufunge mlango. Uhai wa mnyonge basi hutegemea jibu la jirani.

Na wana wa Kanisa wa Busia wasisahau. Mwezi Agosti 1990, chini ya chama kimoja, waziri Peter Okondo alimwonya hadharani Askofu Alexander Muge wa Eldoret kwamba akikanyaga Busia ataona moto, na huenda asitoke hai. Askofu alikuja tarehe 14 Agosti, akahudumia waumini, na akafa siku hiyo hiyo katika ajali ya barabarani huko Kipkaren akirudi nyumbani. Waziri alijiuzulu. Zaidi ya miaka 30 imepita, na maswali yangali yanaulizwa. Mchungaji yule hakukubali kuambiwa ni wapi asikanyage. Sisi nasi tutakubali kuambiwa ni nani asikimbilie kwetu? Hata Yusufu na Mariamu walivuka mpaka na mtoto wao, wakimkimbia Herode.

Tunadai, basi, mambo matatu. Kwanza, asivushwe mtu yeyote Busia wala Malaba pasipo amri ya hakimu. Pili, maofisa wa mpakani wakatae amri haramu, wakijua kwamba kisingizio cha kutumwa hakitawaokoa mahakamani. Tatu, kila parokia iwe na daftari: jina la aliyetekwa, mahali, saa, na gari. Wakili apewe habari siku hiyo hiyo, ili mahakama iombwe kuamuru mtu huyo aletwe mbele yake. Haki hiyo, kwa Kifungu cha 25 cha Katiba, haiwezi kupunguzwa na yeyote.

Jina litajwe Jumapili madhabahuni, na Jumatatu mahakamani. Mtekaji hutegemea tusahau upesi, tusimsaidie.