Mgeni tumuuzie chakula, shamba libaki letu

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini wapo wageni ambao hata wakikaa miaka mitano hawatashika jembe. Wao wanakula tu, na mwenyeji mwenye akili huwalimia, akapeleka jikoni na kupokea fedha. Swali la kujiuliza ni hili: je, sisi wa Tarime na Serengeti tunawalimia wageni wetu, au tunawatazama wakilishwa na watu wa mbali?

Hulifikiria jambo hili kila nikikumbuka kijiji cha Paje, pwani ya mashariki ya Unguja. Paje kilikuwa kijiji cha uvuvi na minazi, na kuanzia mwaka 1989 kikawa miongoni mwa vijiji vya kwanza Zanzibar kulima mwani wa biashara. Leo kina wageni wengi waliohamia kabisa. Walikuja kutalii wakapapenda, wakapanga nyumba, wakafungua migahawa, hoteli ndogo na shule za mchezo wa kuteleza majini kwa tiara.

Huyo si mtalii wa kulala siku mbili. Hununua mkate kila asubuhi, hulipa kodi ya nyumba na huita fundi bomba likivuja. Kwa mfanyabiashara mdogo, mgeni anayekaa ni mteja mzuri kuliko mgeni anayepita.

Hata hivyo, Paje ina funzo jingine. Viwanja vingi vya ufukweni sasa viko mikononi mwa wenye hoteli. Wanawake wanaolima mwani wamepungua, na sababu si moja: bei ni ndogo, maji ya bahari yamepata joto na kuleta magonjwa, na pale wanapopigilia vijiti vyao ndipo tiara za wageni zinapopita. Na mboga je? Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya mboga na matunda ya hoteli za Zanzibar imevushwa kutoka Bara. Kijiji kimetoa ardhi, na fedha ya chakula imekwenda kwa mwingine.

Sisi hatuna bahari, lakini wageni tunao. Tarime kuna mgodi wa North Mara huko Nyamongo, ulioanza uzalishaji mwaka 2002 na ambao sasa uko chini ya Barrick na Serikali yetu yenye hisa asilimia 16, kupitia kampuni ya Twiga iliyoundwa mwaka 2019. Serengeti kuna kambi na hoteli za kitalii kuanzia upande wa Ikoma hadi Grumeti, ambako kampuni ya Singita ya Afrika Kusini ilianza kuendesha hoteli mwaka 2006.

Mgeni wetu ana tofauti na yule wa Paje. Mtaalamu wa mgodi huishi ndani ya uzio, hula huko huko, na likizo ikifika hupanda ndege kurudi kwao. Hatumwoni sokoni, ndiyo maana tunadhani hana faida kwetu. Hapo ndipo tunapokosea. Tusimtafute Mzungu, tulitafute jiko. Sheria ya ajira za wageni ya mwaka 2015 inamtaka mwajiri aandae Watanzania wa kurithi kazi za wageni, na leo wengi sana wa wafanyakazi wa mgodi ni Watanzania. Watabadilika walaji, lakini jiko litaendelea kupika.

Tupige hesabu ndogo. Chukua kambi ya watu 100, kila mmoja akila yai moja kwa siku. Kwa siku 30 ni mayai 3,000, sawa na trei 100. Kuku 130 wanaotaga vizuri wanatosha kuhudumia kambi hiyo. Hiyo ni kazi inayowezwa na kikundi cha akina mama watano. Ongeza nyanya, vitunguu, ndizi, maziwa na sukuma wiki, utaona kuwa jiko moja linaweza kubadili maisha ya kitongoji kizima.

Kwa nini basi baadhi ya kambi za hifadhini huletewa chakula kwa malori kutoka Arusha, kupitia Ngorongoro, wakati Tarime ina ardhi nzuri na misimu miwili ya mvua? Kwa mtazamo wangu sababu ni tatu, na zote tunaweza kuzitibu.

Kwanza ni wakati. Nyumbu huvuka mto Mara kaskazini mwa hifadhi kati ya Julai na Oktoba, na watalii huwafuata. Julai na Agosti ni kiangazi, mkulima anayetegemea mvua hana kitu cha kuuza. Mteja anakuja shamba likiwa kavu. Mwenye pampu ndogo kando ya kijito, akapanda kidogo kidogo kila baada ya wiki mbili badala ya kupanda yote siku moja, ndiye atakayeuza.

Pili ni vipimo na karatasi. Jiko kubwa linanunua kwa kilo, si kwa lumbesa. Linataka nyanya zilizochambuliwa na kupangwa kwenye kreti, na linataka risiti. Mkulima mmoja mmoja hawezi kukimbizana na hayo, lakini kikundi kilichosajiliwa, chenye namba ya mlipakodi, mzani na akaunti ya benki, kinaweza.

Tatu ni malipo. Wanunuzi wakubwa wengi hulipa baada ya wiki kadhaa, wakati mtoto anadaiwa michango ya shule leo. Hapa SACCOS zetu zinatakiwa, zimlipe mwanachama sehemu ya fedha yake wakati mzigo unasubiri kulipwa. Ipo pia mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu.

Najua wapo watakaosema Sirari inatosha, kwani wanunuzi kutoka Kenya wanakuja na fedha taslimu na hawaulizi risiti. Ni kweli, na sisemi tuiache Sirari. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipofunga safari za ndege, aliyetegemea watalii peke yao aliumia. Lakini aliyetegemea mnunuzi wa mpakani peke yake naye hupangiwa bei, tena gunia likiwa limefungwa hadi limeota kichwa.

Viongozi nao wasikae pembeni. Kanuni za mwaka 2018 zinawataka wenye migodi watoe kipaumbele kwa bidhaa na huduma za Watanzania. Lakini Mtanzania huyo anaweza kuwa mfanyabiashara wa Mwanza au Dar es Salaam. Madiwani wetu waulize kila mwaka ni kilo ngapi zimenunuliwa kwa wakulima wa Nyamwaga, Natta na Robanda. Darasa na zahanati tunazojengewa tunashukuru, lakini mkataba wa mboga humpa mkulima kipato chake mwenyewe.

Na ardhi? Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huo huo inaikataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Kwa hiyo anapofika mtu na gari zuri akitaka eka kadhaa za kujenga kambi, mwenye neno ni wewe uliyeketi mkutanoni, si mwenyekiti peke yake. Usikubali kabla hujauliza maji ya mifugo yatapita wapi na chakula cha kambi kitanunuliwa kwa nani. Majibu yaandikwe kwenye muhtasari.

Bei ya shamba hupokelewa mara moja, na mara nyingi huisha kabla ya mwaka kwisha. Bei ya mayai hupokelewa kila mwezi, na shamba hubaki kwa watoto. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mwenyeji hatapona kama ameshauza mahali pa kulima.