Watoto Wetu na Karatasi za Kupaka Rangi

Ndugu zetu, kila Jumapili tunawakabidhi watoto picha ya safina na kalamu za rangi, kisha tunajisifu kwamba wamefundishwa Neno. Tusidanganyane. Tunawanyamazisha tu ili sisi tusikilize mahubiri.

Wapo wazee wasemao kwamba michezo si mafundisho. Tunawaomba wafungue Yoshua sura ya 4. Waisraeli walipovuka Yordani waliamriwa kuchukua mawe 12 mtoni, ili watoto wao wakiuliza maana yake, wasimuliwe. Kwanza jiwe, halafu swali, ndipo hadithi. Sisi tunaanza na jibu, tena kwa Kiingereza cha kitabu cha dukani.

Safina ilikuwa na urefu wa mikono 300, upana 50 na kimo 30. Mkono ni tangu kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, yapata sentimita 45. Basi urefu ulikuwa kama mita 135. Wapeni watoto kamba, wapime kwa mikono yao penye maegesho ya kanisa. Safina yao itatoka fupi, nao watauliza kwa nini. Tukisimulia safari ya kutoka Misri, wakande unga usiotiwa chachu. Kiwiko, kamba, kukanda, chachu: maneno hayo yataingia pamoja na hadithi.

Gharama ni kamba na kilo moja ya unga. Kinachokosekana ni sisi wazazi kuingia darasani. Bibi akipiga simu kutoka nyumbani kuuliza wamejifunza nini, wawe na la kumwambia, kwa lugha anayoielewa.